Mlenda mkavu wa mama mkwe au mchicha wa Majengo?

"Nilihamia Dodoma mwaka jana kikazi nikitokea Moshi, nakaa Ilazo. Kule nilizoea kushuka bustanini na kuchuma. Hapa nanunua mchicha asubuhi, jioni umelala kama kitambaa. Mwanangu ana miaka mitatu, na kliniki waliniambia damu yake iko chini kidogo, wakasisitiza nimpe mboga za majani na matunda. Mama mkwe wangu yuko Mpunguzi na kila mwezi hunitumia kifuko cha mlenda mkavu, lakini mimi nauona kama mboga iliyokwishakufa, nampa jirani. Zabibu za barabarani naziogopa, zina unga mweupe na watu wanasema ni dawa, kwa hiyo nanunua za supamaketi zilizotoka nje. Mtoto nampa juisi ya rozela kuongeza damu. Je, Dodoma kuna chakula freshi kweli? Ninunue wapi, na nimpe mtoto nini?"

Dada yangu, mbukwenyi, kama wanavyosalimia wenyeji wa huku. Karibu Dodoma.

Swali lako nimelisoma mara mbili maana ndani yake mna maswali matatu: mboga inayonyauka, zabibu unazoziogopa, na damu ya mtoto. Hilo la tatu ndilo zito, na kapu la sokoni peke yake haliwezi kulimaliza. Nitalifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi: chakula kibichi Dodoma kipo, tena kitamu, ila kinakuja kwa zamu na zamu yake ni fupi. Mtu aliyezoea shamba la Kilimanjaro lenye mfereji mwaka mzima akifika hapa mwezi wa tisa, akaona vumbi na upepo, lazima aseme hakuna kitu. Angefika mwezi wa pili angesema mengine.

Tuanze na huo mchicha uliolala. Jani likishakatwa halifi palepale. Linaendelea kupumua, linatumia sukari yake lenyewe na linapoteza maji, isipokuwa sasa halina mizizi ya kuyarudisha. Karibu sehemu tisa kwa kumi za jani la mchicha ni maji, na likipoteza hata sehemu moja kwa kumi ya uzito wake tayari limenyauka. Dodoma iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Miezi mingine hewa ni kavu na upepo hautulii. Shati ulilofua saa nne asubuhi, saa tano unalianua. Hewa hiyohiyo ndiyo inayofyonza mchicha wako. Ongeza na joto: kila nyuzi 10 zinapopanda, kasi ya jani kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo fungu lililokaa juani kwenye turubai saa tatu za mchana limezeeka kuliko lililokaa usiku mzima mahali pa baridi.

Kinachopotea kwanza ni vitamini C na foleti, mojawapo ya vitamini za kundi B. Madini ya chuma na kalisi hayaendi popote, na sehemu kubwa ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A inabaki kwa siku kadhaa. Hivyo mchicha uliolala jioni umepungua, haujawa takataka. Uoshe, upike, mle. Ninaoutilia shaka mimi ni ule unaong'aa saa kumi jioni. Wauzaji hunyunyizia mboga maji kutoka kwenye ndoo, na sina ugomvi nao, ndiyo njia pekee waliyo nayo ya kupambana na jua. Ila maji yale yanayasimamisha majani bila kurudisha vitamini hata moja, na ndoo yenyewe hujui ilijazwa wapi. Kwa hiyo usitazame majani, geuza fungu utazame lilipokatwa. Shina lililokatwa alfajiri lina weupe wa kijani na unyevu, ukilibana kwa kucha linatoa maji. Lililokatwa jana limeshakuwa kahawia na mdomo wake umesinyaa.

Usimuulize mama mboga kama amechuma leo, kila mtu amechuma leo. Muulize zimetoka wapi. Jibu la "hapa Hombolo" na jibu la "zimekuja na gari la usiku" ni vitu viwili tofauti, na wengi watakuambia kweli kwa sababu swali haliwabani. Sokoni Majengo mboga za bustani za karibu huingia asubuhi mapema. Ukifika saa moja unachagua, ukifika saa tano unapewa. Kama ofisi inakubana, bora ununue mara mbili kwa wiki asubuhi kuliko kila siku jioni ukitoka kazini.

Na siyo kila kitu kinahitaji kutoka karibu. Vitunguu vya Singida, viazi, karoti, maboga, hata nyanya zilizosafiri kwenye matenga usiku kucha kutoka Ilula, vyote hivyo vinavumilia safari. Yapo matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa: ndizi, embe, papai, parachichi, pera. Hayo yanatoa gesi yao wenyewe ya kujiivisha, na ndiyo maana bibi zetu waliyavundika kwenye mahindi au kwenye majivu, gesi isitoroke. Nunua parachichi gumu la Njombe bila woga, litaivia kabatini. Ila chungwa, nanasi, tikiti na zabibu zikishakatwa hazisogei tena. Zabibu chachu ya leo itakuwa zabibu chachu ya kesho, imesinyaa tu. Majani, mahindi mabichi na zabibu ndivyo vitu ambavyo mimi husumbuka kutafuta vilikotoka. Vingine nanunua popote bei inaponifaa.

Nikuchoree na mwaka wenyewe, kwa haraka. Januari hadi Machi ndipo majani yanapofumuka: mlenda, mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga, mengine yanajiotea yenyewe pembeni ya mashamba. Wakati huo fungu ni la bei ya chini kabisa na hakuna sababu ya kula kabichi. Februari na Machi zabibu za kwanza, na mahindi ya kuchoma yakifuata. Kuelekea Mei, karanga mbichi za kuchemsha. Kiangazi kikiingia, machungwa ya Muheza, ubuyu na ukwaju. Agosti na Septemba zabibu tena, maana mzabibu wa Dodoma hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Novemba maembe. Hapo katikati, kuanzia mwezi wa saba hadi mvua zirudi, majani ya bustani za umwagiliaji yapo ila ni machache na ni ghali. Wagogo walilijua pengo hilo miaka mingi kabla ya friji, na dawa yao ndiyo hicho kifuko unachompa jirani.

Nakuelewa unapouita mboga iliyokufa. Unga wa kijani kibichi uliofifia, unanukia kama majani makavu, na kwenye sufuria unavutika. Ila tazama kilichomo. Majani yamechumwa masika, wakati yana afya kuliko wakati mwingine wowote, yameanikwa, yametwangwa. Kiganja kimoja cha unga ule kilikuwa beseni zima la majani. Kilichoondoka ni maji na karibu vitamini C yote, hilo siwezi kukuficha. Chuma, kalisi, protini na nyuzinyuzi zimebaki, tena zimekusanyika mahali padogo. Vitamini A ndiyo inayotegemea mkono wa mwanikaji: jua kali huichoma, kivuli chenye upepo huihifadhi sana kuliko jua. Kwa hiyo mwezi wa kumi, kati ya mlenda mkavu ulioanikwa vizuri na mchicha uliolala kisha ukachemshwa nusu saa na maji yake kumwagwa, mimi nachukua mlenda. Mwezi wa pili nachukua mbichi, na mama mkwe wako bila shaka naye anakula mbichi.

Makosa huwa kwenye kupika. La kwanza ni mchanga: chekecha unga kabla hujauweka sufuriani. La pili ni magadi. Magadi yanalainisha mlenda na kuufanya uteleze, lakini yanaua vitamini C na vitamini B1, na yana sodiamu nyingi. Kwa mtu mwenye presha nyumbani hilo si jambo dogo. Weka kidogo mno, au acha kabisa. Mlenda utavutika hata bila magadi, ila utachukua dakika chache zaidi. La tatu ni kuupika bila mafuta. Vitamini A haiingii mwilini bila mafuta, na ndiyo maana upishi wa huku wa kuweka karanga iliyosagwa na nyanya una akili kuliko unavyoonekana.

Hapo kwenye karanga nisimame kidogo, kwa sababu hofu yako umeipeleka kwenye zabibu wakati hatari yenyewe iko kwenye gunia. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walifariki, na chakula kilichohusika zaidi ni mahindi. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka sawasawa au zilizohifadhiwa penye unyevu. Haina rangi wala harufu, na jiko la nyumbani haliimalizi. Huumiza ini, na watoto ndio huathirika zaidi. Kwa hiyo usinunue karanga iliyokwishasagwa, maana hujui kilichoingia kwenye mashine. Nunua nzima, zimwage kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha saga mwenyewe. Ulizozitoa usiwape kuku, zitupe. Mahindi nayo nunua makavu: punje ukiing'ata iwe inavunjika kwa mlio, isibonyee. Kuyakoboa kunapunguza sehemu ya sumu, ingawa kunapunguza na virutubisho, na kwa mahindi nisiyojua yalikolala mimi nakubali hasara hiyo.

Sasa zabibu. Ule unga mweupe mwepesi uliolifunika tunda lote ni nta ambayo zabibu hujipaka yenyewe isikauke. Chukua punje, isugue kwa kidole: nta inaondoka na ngozi inang'aa. Ukiiona bado ipo ni dalili kwamba tunda halijashikwashikwa sana. Mabaki ya dawa huwa na sura tofauti. Ni madoadoa au michirizi, rangi ya njano au ya bluu, na hukusanyika chini ya punje pale tone lilipokaukia. Wakulima wa zabibu wanapiga dawa kweli, hasa salfa na zenye shaba, kwa sababu ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu yanayoshika mizabibu. Wanatakiwa kuacha siku kadhaa kabla ya kuvuna. Wengi wanaacha, siwezi kukuapia kwamba wote. Ukiona madoa, acha shada hilo, nenda kwa muuzaji mwingine. Yasiyo na madoa yaoshe kwa maji safi yanayotiririka huku ukiyasugua kwa vidole. Chumvi haiongezi cha maana, na sabuni usitumie, tunda linaifyonza. Osha yale tu mtakayokula saa hiyo, zabibu iliyowekwa ikiwa imelowa inaota ukungu.

Umri wa zabibu unausoma kwenye kikonyo. Cha kijani na kinachopinda, shada limekatwa jana au leo. Cha kahawia kinachokatika kama njiti, limeshakaa siku kadhaa. Agosti iliyopita nilinunua mashada mawili kwa kijana mmoja njiani kurudi Mpunguzi, vikonyo vya kijani vyote. Moja nikalisahau mezani, jingine nikaliweka kwenye friji ndani ya mfuko wenye matundu. Siku ya tatu la mezani kikonyo kilikuwa njiti na punje zinadondoka zenyewe ukilinyanyua, na la friji lilikuwa kama nimetoka nalo shambani. Sasa jiulize hizo za supamaketi zimesafiri siku ngapi. Zabibu zinazovushwa bahari kwa kawaida huwekewa ndani ya boksi karatasi zinazotoa gesi ya salfa, ukungu usiote. Kwa watu wengi hazina madhara, lakini kuzikimbia zabibu za Hombolo kwa kuogopa dawa ukaenda kununua hizo, hapo umejizungusha bure na umelipa zaidi.

Jambo moja la zabibu lisikupite: nyingi za hapa, zikiwemo zile nyeusi za Makutupora, zina mbegu na zililimwa kwa ajili ya mvinyo. Kwa mtoto wa miaka mitatu usimpe punje nzima, inaweza kumkaba. Ikate kwa urefu, toa mbegu, na awe ameketi anapokula.

Nimefika kwa mtoto. Rozela ni nyekundu, damu ni nyekundu, na watu wengi wameridhika na ushahidi huo. Rangi haihusiani kabisa. Juisi ya rozela si mbaya ikiwa haina sukari ya kutisha, lakini haijazi damu, na zabibu nazo zina chuma kidogo sana. Na hapa lazima nikusahihishe hata ulichoelewa kliniki: mboga za majani zina chuma, ila mwili unakipokea kwa shida. Chuma cha nyama, maini, kuku na samaki ndicho kinachoingia kwa urahisi. Mtoto wako akipata maini kiasi mara moja kwa wiki, dagaa waliosagwa kwenye mboga siku nyingine, na maharage, mlenda na mchicha vikasindikiza, hapo tunaelewana.

Chuma cha majani kinapata msaada mkubwa kikikutana na vitamini C kwenye mlo uleule. Ndipo soko la Dodoma linapokufaa. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ubuyu wa kawaida, ule mweupe usiopakwa rangi wala sukari, ulioloweka na kuchuja, ni kinywaji kizuri cha kumpa pamoja na ugali na mlenda. Kamulia limau juu ya mchicha ukishaepua, siyo ukiwa jikoni. Chai, hata ya maziwa, mpe mbali na chakula kwa sababu inakizuia chuma. Na kama anakunywa maziwa ya ng'ombe kutwa nzima, punguza, yanamshibisha na kumfungia nafasi ya chakula chenye chuma.

Lakini chakula peke yake kisikufanye usubiri. Mtoto hupungukiwa damu pia kwa malaria, kwa minyoo, na kwa magonjwa ya damu ya kurithi kama selimundu, na hakuna pera litakalotibu hayo. Uliambiwa "iko chini kidogo", lini, na ilikuwa ngapi? Kwa umri wake wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Rudi kituo cha afya apimwe tena, uombe namba uiandike, aangaliwe malaria na minyoo. Wao ndio waamue kama anahitaji dawa ya chuma. Usimnunulie mwenyewe duka la dawa, kipimo kikizidi ni hatari kwa mtoto mdogo. Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, anachoka upesi, anahema haraka au anakula udongo, usingoje tarehe ya kliniki. Na ikitokea yeyote nyumbani ametapika, tumbo linauma na macho yamekuwa ya manjano, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mbebe sampuli ya mahindi mnayokula.

Kuhusu kutunza ulichonunua, hewa kavu inayokusumbua inaweza kukufanyia kazi. Tafuta vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, mwagia maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Maji yanapokauka yanachukua joto. Pwani kwenye unyevunyevu chungu hicho hakina maana, hapa mchicha unafika kesho ukiwa umesimama. Kama una friji, usioshe majani kabla ya kuyaweka. Kung'uta, funga kwenye kitambaa, osha siku ya kupika. Kachumbari na chochote cha kuliwa kibichi osha kwa maji yaliyotibiwa au kuchemshwa, maana bustani nyingine za mabondeni zinamwagiliwa maji ambayo hungeyanawia mikono.

Ilazo mnazo nyua. Viroba vitatu vya udongo na samadi, mbegu za mchicha na za kunde, maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni, na baada ya wiki tatu hivi unachuma tena kama ulivyozoea Moshi. Afisa ugani wa kata yenu atakuonyesha mbegu zinazovumilia huku.

Kifuko cha mwezi huu, kama bado hujampa jirani, kibakize. Na ukimpigia mama mkwe kushukuru, muulize taratibu kama ule mlenda aliuanika juani au kivulini.